Mtu Anayenyongwa na Usingizi Wake

Tukitaja ugonjwa wa usingizi katika nchi yetu ya Kongo, kila mtu anafikiri habari za mbung'o. Ni haki yake. Wazee wetu waliona vijiji vizima vikigeuka pori kwa sababu ya nzi yule, na masista wengi walizeeka katika lazareti wakiwatunza wagonjwa waliosinzia mchana na kukesha usiku. Lakini leo sisemi habari za mbung'o. Kuna ugonjwa mwingine wa usingizi, usioletwa na mdudu wala kuambukizwa na mtu, nao uko katika kila taifa. Tena ni ugonjwa wa kuchekesha, na ndiyo sababu ulichelewa sana kujulikana.

Yeyote aliyelala katika bweni la seminari au la shule ya walimu anamkumbuka mwenzake mmoja aliyekoroma kama msumeno. Anakoroma, anakoroma, halafu ghafula kimya. Wenzake wanashukuru. Kimya kile kinaendelea, hata mtu angeweza kusali Salamu Maria nzima. Kisha yule aliyelala anashtuka, anavuta hewa kwa kelele kama mtu aliyetolewa majini, anageuka upande, na msumeno unaanza tena. Asubuhi ukimwuliza, hakumbuki neno. Darasani anasinzia, mwalimu anamwita mvivu. Sisi tulimtupia kiatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba katika kimya kile mwenzetu alikuwa hapumui.

Mtu wa kwanza kuuchora vizuri ugonjwa huu hakuwa mganga, alikuwa mtunga hadithi. Mwingereza Charles Dickens, katika kitabu chake cha Pickwick kilichotolewa vipande vipande mwaka 1836 na 1837, alimweka mtumishi mmoja kijana aitwaye Joe. Joe ni mnene kupita kiasi, anakula sana, na analala popote: garini, mezani, hata akisimama. Siku moja anapiga hodi mlangoni bila kupumzika, kishindo juu ya kishindo, mpaka watu wa nyumba wanashangaa. Anapoulizwa kisa, anajibu kwamba bwana wake amemwagiza asiache kubisha mpaka afunguliwe, asije akalala palepale mlangoni. Waingereza walicheka kwa miaka zaidi ya mia moja.

Mwaka 1956 katika mji wa Boston, Marekani, waganga wakiongozwa na Sidney Burwell waliandika habari za mgonjwa wao mmoja, mfanya biashara wa miaka 51, mwenye uzito wa karibu kilo 120. Mtu huyu alizoea kucheza karata na rafiki zake kila juma. Usiku mmoja alipata mkononi karata za ajabu, rei tatu na wafalme wawili, ambazo kila mchezaji angezitia fedha zote alizo nazo. Lakini hakutia kitu, kwa maana alikuwa amelala na karata zake mkononi. Baada ya siku chache akaja hospitali mwenyewe. Alikuwa amevumilia kusinzia kazini, kuvimba miguu na kukosa pumzi. Kukosa faida ile ndiko kulikomshinda. Waganga wakamkumbuka Joe, wakauita ugonjwa ule kwa jina la Pickwick. Wakampa chakula kidogo sana, akapungua, akapata nafuu. Ila kuhusu sababu ya usingizi wake walidhani hivi: unene unabana kifua, hewa chafu haitoki yote mwilini, inalevya ubongo, na mtu anasinzia. Dhana hiyo ina kweli ndani yake, lakini siyo kweli yote. Ukitaka kujua kwa nini mtu anasinzia mchana, sharti umtazame usiku.

Na kumtazama mtu aliyelala si kazi nyepesi. Macho ya mlinzi yanachoka, naye asiye na chombo haoni kinachofanyika ndani. Chombo cha kwanza kilitoka Ujerumani. Hans Berger, mganga wa mji wa Jena, mwaka 1924 alifaulu kuandika juu ya karatasi mawimbi madogo ya umeme yanayotoka katika ubongo wa mtu aliye hai. Akakaa na siri yake miaka mitano, akaitangaza mwaka 1929. Kwa njia hiyo watu walitambua kwamba usingizi si shimo moja la giza, bali una ngazi zake. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza kwamba mara kadhaa kila usiku macho ya mtu aliyelala yanakwenda mbio chini ya kope, nao ndio wakati wa ndoto nyingi. Aserinsky alikuwa ameanza kuipima mashini yake juu ya mtoto wake mwenyewe wa miaka minane. Wakati wa usingizi huo karibu misuli yote ya mwili inalegea kama kamba iliyofunguliwa. Ndugu msomaji, shika neno hilo, litatufaa mbele.

Mwaka 1965 vikundi viwili vya waganga, kila kimoja kwao, vilifanya lile lililokosekana. Huko Marseille, Ufaransa, Henri Gastaut na wenzake, na huko Freiburg, Ujerumani, Richard Jung na Wolfgang Kuhlo, waliwalaza wagonjwa wa namna ya Joe, wakawafunga vyombo kichwani, puani na kifuani, wakaacha karatasi iende usiku kucha. Asubuhi waliposoma mistari ile waliona kwamba pumzi ya puani ilikuwa imekatika mara nyingi mno. Tena Wafaransa waliona jambo la kutisha zaidi: pumzi ya puani imesimama, lakini kifua na tumbo vinaendelea kujitahidi. Maana yake mtu hakusahau kupumua. Alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, na mlango umefungwa.

Mlango huo ni koo. Bomba la hewa lililo chini shingoni limezungukwa na pete ngumu, haliwezi kujikunja. Lakini sehemu ya juu, nyuma ya ulimi, haina mfupa wala pete. Inashikiliwa wazi na misuli tu. Mchana misuli inakesha. Usiku inalegea, ulimi unarudi nyuma, na kwa mtu mwenye shingo nene, au taya fupi, au mafindofindo makubwa, njia inakuwa nyembamba mpaka inapiga kelele, ndiko kukoroma. Ikilegea zaidi inafungika kabisa, kama mpira mbovu unaofyonzwa kwa nguvu na kushikamana kuta zake. Oksijeni inapungua damuni, moyo unahangaika, ubongo unapiga kengele ya hatari, mtu anaamka nusu, misuli inakaza, hewa inaingia kwa kishindo. Halafu analala, na mambo yanaanza upya. Waganga wanahesabu kila pumzi iliyokatika sekunde 10 au zaidi. Wagonjwa wabaya wanapita mara 30 katika saa moja, tena usiku mzima. Ajabu ni kwamba anasinzia mchana, au kwamba bado anaweza kusimama?

Sasa ugonjwa umejulikana, dawa iko wapi? Hapo hadithi inakuwa ngumu. Mwaka 1969 Kuhlo na wenzake waliandika kwamba walimtoboa mgonjwa shingoni, chini ya mahali panapofungika, wakamwekea kibomba apumulie humo. Alipona. Usiku wa kwanza tu alilala kama mtoto. Claude Guilleminault, mganga Mfaransa aliyekwenda Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani mwaka 1972, na ambaye pamoja na wenzake alieneza jina la ugonjwa huu kati ya waganga wote, naye alishuhudia nguvu ya tundu lile. Lakini fikiri maisha ya mtu mwenye tundu shingoni. Kila usiku analifungua, kila asubuhi analiziba ili aweze kusema. Analisafisha makohozi, analinda maji yasiingie, kuogelea basi. Wengi walioambiwa habari hiyo walikataa, wakarudi nyumbani na usingizi wao, na baadhi yao wakafa kwa moyo au kwa ajali ya motokari. Siwezi kuwalaumu.

Niache kidogo habari za usingizi, kwa sababu dawa ilitoka njia nyingine: ilitoka kwa watu waliopigana na kifo cha kukosa pumzi.

Mwaka 1928, katika hospitali ya watoto ya Boston, ilitumika mara ya kwanza mashini ya Philip Drinker iliyoitwa pafu la chuma. Ni pipa kubwa. Mgonjwa analala ndani, kichwa peke yake kikiwa nje, na pampu inavuta hewa ya pipa ili kifua kipanuke. Wagonjwa wa polio waliopooza kifua waliokolewa hivyo. Lakini mwaka 1952 polio iliupiga mji wa Copenhagen, Denmark, kwa ukali usioonekana kabla. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu na vyombo sita vidogo vya kifuani. Katika wagonjwa 31 wa kwanza waliopooza pumzi, 27 walikufa ndani ya siku tatu. Ndipo mkuu wa hospitali, Lassen, alipomwita mganga wa kulaza wagonjwa kwa upasuaji, jina lake Bjørn Ibsen. Tarehe 27 Agosti 1952 msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakufa alitobolewa koo, Ibsen akaunganisha mpira, akamsukumia hewa kwa mfuko uliobanwa kwa mkono. Msichana akapona kifo. Basi hewa isivutwe kwa nje, isukumwe kwa ndani! Lakini mashini za kusukuma hazikuwapo za kutosha. Wakaitwa wanafunzi wa uganga, kama 1,500, wakapokezana zamu mchana na usiku, kila mmoja ameketi kando ya kitanda, akiubana mfuko na kuuachia, kuubana na kuuachia, miezi kadhaa. Mikono yao ndiyo iliyokuwa mapafu ya watu. Wagonjwa wanne wa watano waliokuwa wakifa wakawa mmoja wa watatu hivi au hata pungufu.

Baada ya hapo mashini za kusukuma hewa zilienea upesi, nazo zikaleta swali ambalo halikuwapo tangu dunia iumbwe: mtu ambaye ubongo wake umekufa lakini mashini inampumulisha, je, tuizime au tuiache? Bruno Haid, mganga wa Innsbruck katika nchi ya Austria, alilipeleka swali hilo Roma. Tarehe 24 Novemba 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwajibu waganga kwamba mtu anapaswa kuulinda uzima kwa njia za kawaida, wala halazimishwi kutumia njia zipitazo kiasi, zinazokuwa mzigo mkubwa mno kwake au kwa wengine. Na kwamba kupambanua saa ya kufa ni kazi ya mganga. Nimeona wengi wakidhani Kanisa linaamuru mashini isizimwe kamwe. Wasome maneno yale.

Miaka sita baadaye, tarehe 7 Agosti 1963, Rais Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati. Mapafu ya mtoto kama huyo bado hayana ule utelezi unaoyazuia yasishikamane. Kila akitoa pumzi, vifuko vya hewa vinajifunga. Mtoto alibatizwa upesi, akapelekwa Boston, akawekwa katika chumba chenye hewa iliyoshindiliwa. Alikufa tarehe 9. Baba yake alikuwa mtu mwenye uwezo kupita karibu watu wote wa dunia, na hakuna mganga aliyeweza kumsaidia. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake huko San Francisco walitangaza njia nyepesi ajabu: usimpumulishe mtoto, mwache apumue mwenyewe, lakini mwekee daima msukumo mdogo wa hewa ambao hauruhusu mapafu kujifunga. Katika watoto 20 walipona 16.

Msukumo wenyewe ni mdogo kiasi gani? Chukua mrija, uutie katika gilasi ya maji, ncha yake iwe sentimita kumi chini, upulize mpaka mapovu yatoke. Karibu ndio huo. Kwa sababu hiyo wahandisi waliweza baadaye kutengeneza chombo cha watoto kwa pampu ndogo kama zile za kutilia hewa maji ya samaki wa mapambo. Wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walikiunda pamoja na waganga wa Malawi. Na katika hospitali kuu ya Blantyre, kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 2014, watoto 71 kwa mia waliotibiwa nacho walirudi nyumbani hai, ambapo kati ya waliopata oksijeni tu walirudi 44 kwa mia.

Sasa turudi kwa wakoromaji wetu. Kijana mmoja mganga wa Australia, Colin Sullivan, alikwenda Toronto, Kanada, miaka ya 1970 kusoma kwa Eliot Phillipson habari za pumzi ya mbwa waliolala. Ili kupima hewa yao alijifunza kutengeneza vifuniko vya pua vya mbwa. Kazi ya kuchekesha, mtu angesema. Aliporudi Sydney mwaka 1979 aliwakuta wagonjwa wa koo linalofungika wakingoja kutobolewa shingo.

Mwezi wa Juni 1980 alikuja mtu mmoja, mfanyakazi wa ujenzi, mgonjwa sana. Akaelezwa habari za tundu la shingoni, akakataa katakata. Lakini alipoambiwa kwamba kuna jambo la kujaribu usiku mmoja tu, alikubali. Sullivan alikuwa amefikiri hivi: ikiwa koo linafungika kama mpira mbovu, kwa nini tusilijaze hewa kidogo kwa njia ya pua, ili hewa yenyewe ilishikilie wazi, kama fito zinavyoshikilia hema? Alitwaa mota ya namna ile ya kufyonza vumbi nyumbani, akaigeuza ipulize badala ya kufyonza, akaunganisha mipira, akaibandika puani mwa mgonjwa kwa gundi ya silikoni ili hewa isivuje.

Mgonjwa akalala, akaanza kukoroma na kukatika pumzi kama kawaida yake. Sullivan akaongeza msukumo kidogo kidogo. Kelele ikakoma. Si kimya kile cha kunyongwa, bali pumzi ya taratibu, na mara ile macho ya mgonjwa yakaanza kwenda mbio chini ya kope: ameingia katika usingizi wa ndoto alioukosa sana. Sullivan akapunguza msukumo, koo likafungika. Akauongeza, likafunguka. Akafanya hivyo mara nyingi, hata hakuna shaka tena. Ilipangwa kuwa jaribio fupi, lakini ni nani angemwamsha mtu yule? Wakamwacha mpaka asubuhi. Alipoamka alikuwa macho, macho kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Habari zake na za wenzake wanne zilitoka katika gazeti la waganga la Lancet mwezi wa Aprili 1981. Msukumo uliotosha ulikuwa kati ya sentimita nne na nusu na kumi za maji.

Usidhani watu walikimbilia mashini hiyo mara moja. Vifuniko vya kwanza vilifinyangwa kimoja kimoja kwa kuchukua umbo la pua ya mgonjwa, kila jioni vikabandikwa kwa gundi, kila asubuhi vikabanduliwa pamoja na nywele za ndevu. Mota ilinguruma, hata wengine waliiweka chumba cha pili na kupitisha mpira ukutani. Waganga wengi walitikisa kichwa: nani atalala hivyo maisha yake yote? Lakini wagonjwa walikataa kuirudisha. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Respironics ya Marekani ilianza kuuza mashini kama hiyo, na mwaka 1989 mhandisi Peter Farrell aliichukua kazi ya Sullivan na kuanzisha kampuni iliyokuja kuitwa ResMed. Wahandisi wakapunguza kelele, wakafanya vifuniko laini, wakatia akili ndani ya mashini ili ijue yenyewe wakati wa kuongeza au kupunguza. Mjapani Takuo Aoyagi alikuwa amevumbua, tangu mwaka 1974, njia ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga upitao kidoleni au sikioni, bila sindano. Kwa hiyo mtu aliweza kupimwa usingizini bila kusumbuliwa.

Ndipo ikajulikana wagonjwa ni wangapi. Huko Wisconsin, Marekani, walipimwa wafanyakazi 602 wa kawaida. Mwaka 1993 ikatangazwa kwamba wanaume 24 kwa mia na wanawake 9 kwa mia walikuwa na pumzi inayokatika mara tano au zaidi kila saa. Wenye elimu waliohesabu dunia nzima mwaka 2019 walitaja watu karibu milioni 936. Wako wanene, wako wembamba pia, na wanawake ambao waganga hawakuwaamini kwa muda mrefu kwa sababu hawakufanana na Joe.

Mashini nazo zina aibu zake. Mwezi wa Juni 2021 haukuisha bila kampuni ya Philips, iliyokuwa imeinunua Respironics, kuwaomba watu warudishe mamilioni ya mashini, kwa kuwa sifongo iliyotiwa ndani kuzuia kelele ilikuwa ikichakaa na kuweza kupeleka vumbi lake mapafuni. Na kwetu kuna shida ya kwanza kabisa: mashini hii inataka umeme usiku kucha, na mahali umeme unakoma saa mbili za usiku, haina kazi.

Mwezi wa Desemba 2024 serikali ya Marekani ilikubali kwa mara ya kwanza dawa ya sindano kwa wanene wenye ugonjwa huu, jina lake tirzepatidi. Dawa hiyo haigusi koo. Inampunguza mtu hamu ya kula, anakonda, na njia ya hewa inapanuka. Ndiyo tiba ileile aliyopewa mcheza karata wa Boston mwaka 1956, ila yeye alipewa sahani ndogo.